Mashetani Thelathini

Msomaji mwenzangu, wiki tatu nzima sikuandika hata ukurasa mmoja wa riwaya yangu. Nilikuwa napaka rangi mashetani. Usishtuke! Ni vinyago vyenye urefu wa kidole. Mnunuzi yuko Ulaya; aliona picha kwenye simu akaagiza thelathini, tena wanaofanana.

Hapa kwetu Lupaso mjomba anachonga, mimi napaka. Anatumia mti laini, maana mpingo ukiupaka rangi umeutukana. (Wapo wachuuzi wanaosugua mti mweupe kwa dawa ya viatu kisha wanauita mpingo. Hao tuwaache.)

Sasa nihakiki kazi yetu kama ambavyo ningehakiki kitabu cha mtu. Watatu wa kwanza wako hai. Mmoja jicho limemhamia shavuni, mwingine sikio limerefuka hadi likawa mkono, na rangi inafuata mchezo huo huo. Kuanzia wa nne, basi tena. Nyekundu mdomoni, njano masikioni, nukta nyeupe mgongoni, anika juani, leta mwingine. Wamesimama kama watu wanaopigwa picha za paspoti.

Wako watakaosema biashara ndiyo iliyowaua. Sikubali. Mtindo wa shetani wenyewe ulikua sokoni: Samaki Likankoa, Mmakonde anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, alikuwa akimuuzia Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, katika miaka ya 1950. Pesa ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokuwa tofauti ni kwamba mnunuzi alipokea asichokitegemea. Wetu anataka kile kile alichokwisha kukiona.

Halafu kuna George Lilanga (1934–2005), mtu wa kusini huku huku, aliyeanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa. Naye alipaka mashetani rangi za kuwaka, akauza nje, akaigwa hadi basi. Lakini watazame wa kwake! Wanasengenyana, wanavutana, wamebanana kama abiria wa daladala. Kila mmoja ana shughuli. Wetu hawana shughuli yoyote, kazi yao ni kufanana tu.

Hapo ndipo iliponichoma. Usiku nilifungua daftari la riwaya yangu nikamsoma mpelelezi wangu. Anavuta sigara, anapendwa na warembo, hakosi shabaha. Nilimtoa wapi? Ni Willy Gamba wa Elvis Musiba niliyempaka rangi upya! Kurasa 112 za nukta nyeupe mgongoni. Nilizima taa nikalala bila kula.

Kesho yake nilimweleza mjomba. Akasema, "Mpwa wangu, hela ya mabati hiyo. Paka." Ana haki, nyumba inavuja.

Wa kumi na saba brashi iliniteleza. Jicho moja likafumba, mdomo ukapinda, akawa kama anajua siri ya mtu. Mjomba alicheka mpaka akaweka tezo chini. Nilimpiga picha nikaituma. Jibu likaja kwamba huyo hapana, hafanani na wenzake. Basi yuko dirishani kwangu, juu ya daftari. Jumanne nilipaka wa kuziba nafasi yake, na Jumatano nikaanza upya sura ya kwanza. Mpelelezi safari hii ana kikohozi, anadaiwa kodi ya chumba, na bado sijui atafanya nini.