"Bewildered" si kushangaa tu

Wandugu wasomi, kuna tafsiri moja yenye inapita mu mafomu na ripoti zetu bila mtu kuigusa: "bewildered" ni "kushangaa". Mi naona haitoshi.

Tufungue neno lenyewe. Waingereza walianza kuliandika karne ya 17. Ndani yake kuna "wilder", kumpoteza mtu njia, na ile "be-" ya mbele inakaza: kumpoteza kabisa. Wajuzi wanaliunganisha na "wilderness", yaani pori, makao ya wanyama wa mwitu. Basi mwenye yuko "bewildered" ni mtu amejikuta porini, haoni pa kutokea.

Turudi kwetu. Kushangaa ni kwa macho: unashangaa goli, unashangaa bibi arusi, halafu unaenda zako nyumbani. Butwaa inakupiga ghafla, unasimama kimya, kisha inakuachia. Kuchanganyikiwa njo kunakaribia, juu mambo yamekuvurugika kichwani. Lakini angalisho: neno hilo tunamwambia pia mtu mwenye ameruka akili.

Tuchukue mfano. Mama amekimbia vita kule Salamabila, mu teritware ya Kabambare. Anafika Kasongo na watoto, hajui atalala wapi wala atamuuliza nani. Fomu ya Kiingereza inataka kujua kama yuko "bewildered". Kijana wa diplome anamsomea: "Mama, unashangaa?" Anajibu: "Hapana." Ni kweli! Vita si mara ya kwanza kuiona, atashangaa nini? Kijana anaweka alama kwa "hapana", na kwenye karatasi mama anaonekana hana shida. Angemuuliza kama amechanganyikiwa, pengine mama angekasirika, aseme: "Mi siko kichaa."

Yeye alikuwa anangojea swali lingine: "Mama, njia imekupotea? Hujui uanzie wapi?" Hapo angefunguka, na fomu ingeonyesha anahitaji mtu wa kumwelekeza: wapi wanaandikisha, maji iko wapi, watoto watasoma wapi.

Kiswahili kilifika Kasongo kwa miguu, pamoja na misafara ya karne ya 19. Lugha ya watu wa njia haiwezi kukosa neno la kupotea njia. Tusikamate neno la kwanza la kamusi halafu tuseme tumetafsiri.

Na ninyi wa Kabambare, kwenu mnasemaje?