Kosa au Ukosefu? Uhakiki wa Istilahi Tatu za Kompyuta

Miongoni mwa mifano iliyomo katika mwongozo wa watungaji wa programu za Windows, imo programu fupi inayoorodhesha michakato ya kompyuta na kueleza kila mmoja unatumia kumbukumbu kiasi gani. Mfasiri anayetaka kuiandikia maelezo ya Kiswahili hana budi kupima istilahi tatu.

Ya kwanza, mchakato, haina dosari. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vienee Mwanza katika miaka ya 1990, mkazi wa Nyakato hahitaji kamusi ili ajue kwamba kuchakata ni kukipitisha kitu katika hatua za kazi. Programu ni maagizo yaliyolala. Mchakato ni maagizo hayo yakiwa kazini. Programu moja ikifunguliwa mara tatu yaweza kuzaa michakato mitatu, kila mmoja na nambari yake na sehemu yake ya kumbukumbu. Neno na dhana vimelingana.

Sivyo ilivyo kwa kumbukumbu. Ofisini neno hili ni majalada na mihutasari ya vikao, barua ya serikali hubeba alama ya "Kumb. Na.". Karani akisoma kwenye kioo "Kumbukumbu haitoshi", aweza kudhani ameagizwa apunguze majalada. Akifuta barua za mwaka mzima, mashine itabaki nzito vile vile, maana kilichojaa si ghala bali meza ya kazi. Dawa ni kufunga programu zisizohitajika. Basi tafsiri legevu yaweza kuipotezea ofisi hati zake. Twapendekeza kumbukumbu ya kazi kwa ile inayotoweka umeme ukikatika, na hifadhi kwa diski. Watakaosema kwamba neno limekwisha zoeleka wana haki. Ndiyo maana hatulifuti, twalibainisha tu.

Ya tatu ndiyo yenye mtego. Programu hiyo huchapa idadi ya nyakati ambapo mchakato ulihitaji ukurasa wa kumbukumbu usiokuwamo katika sehemu yake. Kiingereza huliita tukio hilo kwa neno lenye maana ya hitilafu, na mfasiri wa neno kwa neno ataandika "kosa la ukurasa". Msomaji akiona makosa elfu kadhaa atamwita fundi, ilhali hakuna kilichoharibika: ukurasa huletwa kutoka mahali pengine katika kumbukumbu au kutoka diskini, na kazi huendelea. Kiswahili kina jibu katika shina lile lile. Kukosa ni kutenda kosa, na pia ni kutokuwa na kitu. Tuseme ukosefu wa ukurasa, na hofu itaondoka.

Mfasiri asiulize tu neno la kigeni lina maana gani. Aulize pia msomaji atafanya nini baada ya kulisoma.