Kura Tano kwa Kila Kituo

Kituo kikishafungwa saa 11 jioni, msimamizi huanza na sanduku la urais. Hutoa karatasi moja, akaikunjua, akamtaja kwa sauti aliyepigiwa, akawaonyesha mawakala wa wagombea, kisha akaiweka kwenye rundo la mgombea huyo. Halafu nyingine. Kituo kimoja cha Kenya huweza kuwa na wapiga kura hadi 700, na baada ya urais yanasubiri masanduku matano.

Ufundi wenyewe uko kwenye jicho. Karatasi isiyo na alama rasmi hukataliwa, na iliyowekwa alama kwa wagombea wawili vilevile. Lakini mkono wa mpiga kura ukitetemeka, alama ikaangukia nje ya kisanduku, je? Kanuni zinasema nia yake ikiwa wazi, kura haiharibiki kwa sababu hiyo. Msimamizi huisogeza kwenye taa, wakala mmoja akapinga, mwingine akatetea, naye huamua mbele yao wote. Mgombea au wakala asiyeridhika na hesabu anaweza kudai irudiwe, si zaidi ya mara mbili. Nawastahi sana watu hawa, ambao usiku wa manane bado wanaipa karatasi ya mwisho heshima waliyoipa ya kwanza.

Maana kanuni ya kushinda urais kwa zaidi ya nusu ya kura imewabebesha mzigo mzito. Zamani haikuwepo: mwaka 1992 Rais Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36. Ilimtosha kuwapita wapinzani waliogawana kura na kupata robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Katiba ya 2010 ikataka zaidi ya nusu ya kura zote, tena angalau robo katika kaunti 24 kati ya 47. Tangu hapo ngome ya nyumbani haitoshi. Mgombea hutafuta washirika mapema, na kila mshirika huja na madai yake: barabara, bei ya mazao, mgao wa kaunti. Sera hujadiliwa kabla hata ya kura kupigwa, nami naona hilo ni jema.

Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49, Raila Odinga akapata 48.85. Tofauti ilikuwa kura 233,000 hivi katika vituo 46,229, yaani wastani wa kura tano kwa kila kituo. Upande mmoja wa kura hizo tano, wa Ruto, kulikuwa na ahadi ya Hazina ya Hasla na mikopo yake. Upande wa pili, wa Odinga, ahadi ya shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini. Makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi walipoyakana matokeo, Mahakama ya Juu ilirudi kwenye Fomu 34A, zile zilizojazwa mezani vituoni, na ikauthibitisha ushindi.

Nakala ya fomu hiyo hubandikwa kwenye mlango wa kituo. Agosti 2027, ukishapiga kura yako, rudi ukaisome.