Rehani, Nyara na Waungwana: Mateka wa Nyangwe na Kasongo katika Kitabu cha Hinde

Kitabu cha Sidney Langford Hinde, The Fall of the Congo Arabs, kilichotolewa London mwaka 1897, aghalabu husomwa kama habari za vita tu: upande mmoja Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis, upande wa pili Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, pamoja na Mwinyi Mohara wa Nyangwe. Usomaji huo hautoshi. Hinde, aliyekuwa daktari wa kikosi cha Dhanis, ameacha pia, pengine bila kukusudia, kumbukumbu za watu waliotekwa, nazo zina uzito kuliko maelezo yake ya mapigano.

Wanaojulikana zaidi ni Wabelgiji wawili, Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, waliokuwa Kasongo kwa niaba ya Dola vita vilipozuka mwaka 1892. Sefu aliwazuia, akitaka akabidhiwe Ngongo Lutete, mkuu aliyewahama Waarabu na kujiunga na Dola. Novemba mwaka huo De Bruyne aliletwa chini ya ulinzi hadi ukingo wa mto Lomami ili azungumze na maafisa wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamshauri ajitose majini aogelee, nao wangemkinga kwa bunduki. Alikataa, kwa kuwa Lippens alikuwa amebaki Kasongo. Desemba wote wawili waliuawa.

Hinde anaisimulia habari hii kwa heshima, na ni haki yake. Huko Blankenberge, Ubelgiji, wawili hao walijengewa mnara wa kumbukumbu. Hata hivyo, ushujaa wa De Bruyne ulikuwa na masharti yake. Alikuwa na kalamu na karatasi. Alikuwa na wenzake wa kumwita kwa jina toka ng'ambo. Na zaidi ya yote, alikuwa rehani, si nyara. Aliyewekwa rehani hutunzwa hadi deni lilipwe au likanwe, na katika muda huo hupata nafasi ya kuchagua, ingawa chaguo lenyewe liwe kifo.

Kwa Ngongo Lutete mambo yalikuwa mengine. Hinde mwenyewe anaeleza kwamba alitekwa na Waarabu akiwa mtoto, akapewa uhuru katika ujana wake kwa ushupavu aliouonyesha katika misafara ya kuteka wengine. Yaani alitoka utumwani kwa kuwatia wenziwe humo. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili, yeye akiwa upande wa Dola. Septemba mwaka huohuo, huko Ngandu, maafisa wa Dola hiyohiyo wakamhukumu kwa uhaini. Hinde alitumwa na Dhanis kuizuia hukumu, akafika amechelewa. Anaandika kwamba Ngongo alijinyonga kifungoni, wakamwahi, wakamzindua, kisha wakamtoa na kumpiga risasi. Hapa ndipo Hinde anapoandika vizuri kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa shahidi anawashuhudia watu wa upande wake mwenyewe na hafichi kwamba walikosa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1895, askari waliokuwa watu wa Ngongo waliasi huko Luluabourg.

Na waliobaki? Akifika Kasongo iliyotekwa, Hinde anastaajabia magodoro ya hariri, vitanda vya nakshi na vyandarua ambavyo askari wa kawaida walivilalia. Wanawake na watoto waliobadilishiwa bwana siku ile wanapita katika kurasa hizo kama sehemu ya mali. Kiswahili nacho hakina la kujivunia: neno mateka huwataja watu na huvitaja vitu pia, na halitofautishi mmoja na wengi.

Si Hinde peke yake. Katika Maisha aliyoyasimulia kwa Kiswahili, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin, Tippu Tip anaeleza jinsi alivyopata utawala wa Kasongo Rushie (hilo ni jina la mtu, wala si mji). Alidai kuwa mjukuu wa mwanamke wa ukoo wa mkuu huyo aliyetekwa vitani zamani. Mwanamke mwenyewe hasemi neno. Anahitajika kama hati ya urithi tu.

Kuna ushahidi mmoja ambao waandishi wote wawili hawakuupima. Lugha iliyoenea kutoka Nyangwe na Kasongo iliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Wengi walioisambaza Maniema hawakuzaliwa waungwana: walifikishwa mjini wakiwa watoto waliotekwa, wakajifunza maneno ya waliowateka, mavazi yao na majina yao, hata wajukuu wao wakaitwa waungwana bila mtu kuuliza bibi alitoka kijiji gani.