Zege la Nguzo ya Geti

Ukiiacha Lower Kabete Road na kuingia barabara ndogo za Spring Valley, utakutana na ua wa kayaba na mageti mazito ya chuma. Wapita njia hutazama rangi na maua yaliyochomelewa. Mimi hutazama pale nguzo inapoingia ardhini, tangu siku niliposhinda na fundi mmoja akisimamisha nguzo mbili za chuma.

Alianza na mchanga. Aliuchota, akausugua kati ya viganja, akaupukuta. Viganja vikabaki na tope, naye akaukataa wote, kwa sababu mchanga wenye udongo hauiachi saruji ishikane na mawe. Ulipoletwa mwingine, viganja vilibaki vikavu.

Saruji alitaka ya 42.5, si ile ya 32.5 tuliyozoea kupigia plasta, maana geti huivuta nguzo upande mmoja maisha yake yote. Debe moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto, na kila debe lilisawazishwa kwa ubao.

Kisha maji, na hapa ndipo nilipomheshimu kabisa. Mfuko wa kilo 50 hutosheka na lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa hupunguzwa. Lakini zege la majimaji halichoshi mgongo.

"Mzee, tuongeze kidogo?" kijana wa sepetu akauliza.

"Geuza tena, kijana."

Akageuza. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na humo ndimo mvua hupita kukifikia chuma. Zege lililoshikamana lina ukali wa chokaa unaokilinda chuma kisishike kutu. Mzee alichota konzi moja, akaifinya, akafungua mkono: zege likabaki na alama za vidole vyake, bila tone kudondoka.

Udongo mwekundu wa huku una kina na hupitisha maji vizuri. Nguzo ya mita 2.7 aliizamisha sentimita 90, juu ya tabaka la kokoto, na chini aliichomelea vipande vya nondo isije ikazunguka. Ingekuwa Embakasi, kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, angechimba mpaka aupite.

Pima maji ilishikiliwa pande mbili huku akishindilia zege kwa nondo, mapovu ya hewa yakipanda. Mwishowe alilipandisha zege vidole vitatu juu ya ardhi, akalichonga kwa mwiko likainama pande zote kama mgongo wa kobe. Kazi hiyo ya mwiko aliirudia mara nne. Chuma huoza hasa pale kwenye usawa wa ardhi, maji yanapotuama, na wanaolificha zege chini ya udongo ili papendeze huiharibu nguzo wenyewe.

Yalibaki magunia ya kulifunika, na mlinzi wa kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, ingawa kufikia siku ya 7 huwa limepata sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Mwenye nyumba alitaka geti litundikwe siku ya tatu. Mzee akakataa kwa upole. Lilitundikwa siku ya nane. Masika matatu yamepita, na komeo bado linaingia kwenye tundu lake bila kusukumwa.