Kamba Isiguse Ukingo

Bunduki nyingi za zamani hazikuchakazwa na risasi. Zilichakazwa na mikono iliyozisafisha kwa bidii mno. Huku Kithimani, kama kwingine Machakos, si ajabu kumsikia mzee akisimulia safari ya babake ya vitani Burma, maana jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) liliandikisha Wakamba kwa wingi, na mwaka 1944 wanajeshi wa Afrika Mashariki walishuka bonde la Kabaw mvua ikiwanyeshea. Wengi walibeba bunduki ya Lee-Enfield ya .303, na kuitunza ilikuwa ufundi kamili.

Kitako chake kina tundu lenye kifuniko. Ndani hukaa kichupa cha mafuta na kamba yenye uzani wa shaba. Askari huchomoa bolti, hudondosha uzani kupitia chemba hadi utokee mdomoni mwa mtutu, kisha hupachika kwenye kitanzi kipande cha flaneli cha inchi 4 kwa 2. Sasa anavuta. Ni mvuto mmoja, mrefu, usiosita katikati, na kamba lazima itoke imenyooka sawasawa na mtutu.

Kwa nini kunyooka? Anayeteka maji kisimani ameona jinsi kamba inavyochimba ukingo wa jiwe. Uzi wenyewe ni laini, ila vumbi lililonasa ndani yake ni msasa, na vumbi la huku Yatta halihitaji mwaliko. Askari akivuta kwa pembeni kila siku, mdomo wa mtutu unalika upande mmoja. Mifereji mitano ya ndani ya mtutu iliyoizungusha risasi njia nzima imefanya kazi yake vizuri, lakini pale mwisho gesi inapenya kwanza kwenye ule upande uliolika na kuisukuma risasi kitakoni. Shabaha imeharibika, na hakuna kutu wala ufa wa kuonyesha kosa.

Ufimbo wa kusafishia mtutu nao una hila zake. Wengi hudhani wa shaba au alumini ni salama kwa kuwa ni laini. Ulaini huo ndio unaoficha chembe za mchanga. Usipofutwa kila unapotoka, unageuka tupa. Fundi mzuri huuingiza kutoka nyuma, upande wa chemba, bunduki ikiruhusu, na hageuzi brashi ikiwa katikati ya mtutu.

Ninachokistahi zaidi ni maji ya moto. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi, huifunika tu, kutu ikaendelea kula chini yake. Kwa hiyo maji yanayochemka yalimiminwa kutoka chemba, na chuma kikapata joto la kutosha kujikausha chenyewe. Kisha flaneli kavu, nyingine tena, hadi itoke safi, ndipo mafuta. Ajabu ni kwamba kumwaga maji ndani ya bunduki, jambo ambalo mtu mgeni angelipigia kelele, ndiko kulikoiokoa.

Mafuta yenyewe ni utando tu. Yakizidi, bunduki iliyosimamishwa kitako chini huyashusha hadi kwenye mbao, nazo zikalainika pale zinaposhika chuma. Na kabla ya kufyatua, hata utando huo hufutwa.