Sifa za Mwenye Kunoa

Msumeno ukikatika jino, mti ndio hulaumiwa. Kutoka Luofu hadi Butembo na Beni, huku mashariki mwa Kongo, lawama hiyo haikosi sababu, kwa kuwa mbao zetu ni kaidi kweli. Mvule unaotoka misitu ya Beni na Ituri huweza kubeba jiwe ndani yake: chokaa hujikusanya na kuganda katikati ya nyuzi, na fundi haioni mpaka meno yaigonge. Mkaratusi wa milima ya Lubero nao hukua ukiwa umejikaza. Ukipasuliwa, ule mkazo unafunguka, ubao unapinda na kuubana msumeno njiani. Lakini yupo fundi anayepasua mti uleule na msumeno wake ukabaki mzima. Huyo ndiye ninayemsifu, na namsifu kwa kazi aliyoifanya kabla hajaugusa mti.

Mtazame anaponoa msumeno wa mkono. Anaubana kati ya vipande viwili vya ubao, meno juu. Anaanza kwa kupitisha tupa bapa juu ya vilele vyote, maana jino refu hubeba mzigo wa wenzake na ndilo hutangulia kukatika. Kisha anayapinda meno kidogo sana, moja kushoto, moja kulia, ili njia iwe pana kuliko bati la msumeno. Ndipo inapoingia tupa ya pembe tatu. Inasukumwa mbele tu. Ikirudi inainuliwa, kwani kuiburuta nyuma huiua tupa yenyewe. Katika useremala wote sijui kitendo chenye adabu kuliko hiki, na hakuna mteja anayekiona.

Zimekuja mashine za CNC, ambamo kompyuta huongoza kisu kuchonga mlango au kitanda. Wapo wanaodhani zimemwondolea fundi utunzaji wa makali. Zimemwongezea! Kisu cha mashine hizo huzunguka hata mara 18,000 kwa dakika, na kile cha kabidi ni kigumu kuliko bati la msumeno wowote, ila hakijui kupinda: kikitikiswa, kinakatika. Kinachokitikisa mara nyingi ni vumbi na utomvu ndani ya koleti, yaani pete inayokishika. Chembe moja tu humo hukipeleka kisu kando, upande mmoja wa makali ukafanya kazi ya pande zote. Kwa hiyo kila kisu kinapobadilishwa, koleti itolewe, isafishwe kwa brashi, na ikichakaa iachwe. Reli za mashine zipanguswe na kutiwa mafuta. Ubao ufungwe usitetemeke.

Halafu fundi aangalie kinachodondoka. Kisu kizima, kikienda kwa mwendo wake, hutoa maranda, na maranda huondoka na joto. Kikianza kutoa unga, ama kimekuwa butu ama kinasukumwa polepole mno. Joto linabaki kwenye makali, na kukatika kumekaribia.

Luofu, ambako mvua na vita hufunga barabara, kisu kilichokatika leo hakipati mwenzake kesho. Ninyi wenye atelie mnaopokea vijana, wapeni tupa na brashi kabla ya kuwaonyesha swichi, na saa wanayotumia kunoa ihesabuni kuwa saa ya kazi.